Baraza la Sindano, na Mama Mkwe Akisikiliza

Vijana wangu, mkiniuliza nilifanya kazi gani nami nikajibu "mkalimani wa baraza," mnatazamana. Juzi mmoja wenu alinichokoza waziwazi: "Ati babu, ulikuwa unalipwa kurudia vile mtu amesema?" Ndiyo, nilikuwa nalipwa kurudia, tena nililipwa vibaya. Na bado, kama leo mtu angefika hapa Kimilili akaniambia, "Mzee Wanjala, DO wa tarafa ana baraza kesho, anakutafuta," ningeanza kupaka viatu rangi kabla hajashuka kwenye pikipiki.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu simu zilikuwa chache, na habari za serikali zilifika vijijini kwa mdomo. Ofisa anatoka mbali, Kiswahili chake kimenyooka, anasimama mbele ya akina mama wa Ndalu ambao Kiswahili chao ni cha kununulia chumvi. Anasema sentensi moja, ananyamaza. Mimi naichukua, naigeuza Kibukusu, nawapa watu. Wakijibu, nageuza tena ninarudisha. Kuanzia Kitale mpaka Bungoma nilisimama kando ya wakubwa wa kila namna: wa ng'ombe, wa barabara, wa mbolea, wa Injili. Maneno ya watu wote yalipita kinywani mwangu. Yangu mwenyewe sikukumbuka hata nilipoyaweka.

Kazi nilifundishwa Kitale na Mzee Ndiema, Msabaoti aliyeteremka kutoka mlimani akiwa kijana. Alikuwa na Kiingereza cha misheni, Kiswahili cha jeshini, Kisabaoti cha mama yake na Kibukusu cha mke wake wa kwanza. Siku zisizo na baraza aliuza viatu vya mitumba karibu na stendi, na darasa langu lilikuwa palepale. Mteja akibishana bei kwa Kibukusu, Ndiema ananigeukia: "Haya, niambie amesema nini." Nikisema, "Anasema kiatu ni kibovu," ananirushia kiatu chenyewe.

"Nani anasema? Mtu akisema 'mimi', wewe sema 'mimi'. Ukisema 'anasema' umeshaanza kumsengenya, na yeye amesimama hapo."

Ndiyo kanuni ya kwanza, na ndiyo ngumu kuliko zote. Mkalimani husema "mimi" na wala si yeye. Nimewahi kuwa mimi mkurugenzi, mimi mhubiri kutoka ng'ambo, mimi mama niliyepoteza ndama. Ndiema alikuwa na msemo wake, kwamba mfereji hauulizi maji yametoka wapi. Aliurudia mpaka nikawa nausikia hata nikioga.

Mengine yalikuwa madogomadogo, lakini msiyadharau. Kula kabla ya baraza, lakini usile mahindi choma, maana punje moja ikikaa kwenye jino itakuharibia hotuba ya DC. Simama upepo ukiwa nyuma yako. Nenda mahali siku moja kabla, uwasikilize wenye kazi wanaitaje vitu vyao, usije ukamwita fahali ng'ombe dume mbele ya wafugaji wakakucheka. Na mwanasiasa akishanoga husahau kwamba upo. Usimguse. Kohoa. Asiposikia, anza tu kutafsiri kwa sauti kubwa, atanyamaza mwenyewe, kwa sababu hajazoea kuzungumza pamoja na mtu mwingine.

Makosa niliyafanya, tena ya kuchekesha. Baraza langu la kwanza peke yangu lilikuwa la ofisa wa mifugo, habari ya kuogesha ng'ombe. Watu wakaanza kuuliza maswali, na kwa kuwa nilikuwa nimemsikia ofisa akieleza asubuhi nzima, nikawa najibu mwenyewe moja kwa moja. Nilieleza kupe, nikaeleza dawa, nikamshauri mzee mmoja auze yule mtamba wake. Ofisa wa watu amesimama kando yangu kama mgeni aliyekosa kiti. Mwishowe akanishika bega: "Bwana, na mimi naweza kusema kidogo?" Habari ilifika Kitale kabla yangu. Ndiema hakunigombeza, alinipa viatu nikaving'arisha vyote vya siku ile.

Na lawama nazo zilikuwa zangu. Kule Bungoma karibu na reli niliwahi kutafsiri tangazo la kuhamisha vibanda. Maneno yalikuwa ya ofisi, mimi niliyapitisha tu. Lakini kwa muda mrefu wale wa boda boda walikataa kunibeba. Nyinyi mnajua boda boda ya pikipiki, ile ilikuwa baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma. Nikisimamisha moja, mwenyewe ananitazama, anasema, "Si ndio wewe ulisema tuhame? Basi hama na miguu." Nikatembea. Leo nayakumbuka matembezi yale kwa hamu, mtaniona mwendawazimu.

Sasa nifike pale ninapopakwepa kila mkiniuliza. Lakini kwanza niwaeleze habari ya mama mkwe, kwa sababu nyinyi siku hizi mnapiga picha mmemkumbatia mama mkwe, mnamtumia na salamu kwa simu. Sisi haikuwa hivyo. Kwetu Wabukusu mwanamume na mama mzaa mke wake waliheshimiana kwa umbali. Hampeani mikono. Hamli ndani ya chumba kimoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Jina lake hulitamki, na ndiyo maana hata hapa hamtalisikia. Ukiwa na neno, unamwambia mke wako, naye atalifikisha. Haikuwa chuki hata kidogo. Ilikuwa heshima, na heshima ile ilikuwa na upweke wake, lakini hakuna aliyetuambia hivyo tulipooa.

Mke wangu aliitwa Nafula, wa Ndalu. Baba yake alikuwa dresa, wale wa kufunga vidonda na kudunga sindano kwenye zahanati za zamani. Alipofariki alimwachia mama bomba la sindano la kioo, sindano chache za chuma, na ujuzi. Zahanati ilikuwa mbali, na barabara mvua ikinyesha ni matope, kwa hiyo watu walikuja kwake. Alichemsha sindano zake kwenye sufuria ndogo iliyokatazwa kupikiwa kitu kingine. Alidunga penisilini, alidunga kwinini, na watoto wangu wote aliwadunga yeye. Mimi nilikuwa nasubiri nje nyuma ya ghala la mahindi, nikisikia sauti yake akiwabembeleza. Sauti nzito kidogo, ya kucheka katikati ya maneno. Niliijua vizuri sauti ile na haikuwahi kunisemesha.

Watu kama yeye walikuwa wengi, na si wote waliochemsha. Wengine waliendesha baiskeli kijiji kwa kijiji na sindano moja mfukoni. Wakati ule ukimwi ulikuwa umetutia hofu kila boma, na kwenye zahanati walikuwa wanakuja watu wenye majipu pale walipodungwa. Basi kukawa na muuguzi, Sista Chebet, aliyehamishwa kutoka Kitale, mwembamba, mwenye haraka, akaja na wazo. Wadungaji walete sindano zao za zamani zahanati, wapewe mpya zilizofungwa, kila moja ya mtu mmoja tu kisha irudishwe ichomwe moto. Asiulizwe mtu jina, asishikwe mtu. Wakishazoea kuja, waanze kufundishwa nani wa kumtuma hospitali. DO alikubali, lakini alisema wazi: madiwani wakikataa, atatuma askari wawakusanye wadungaji wote, kwa sababu malalamiko yameshamfikia.

Nafula aliposikia hivyo aliacha kusuka mkeka. Akasema, "Mama akishikwa, korti itamwita nani atafsiri? Si wewe?"

Alisema kweli. Mkalimani wa Kibukusu aliyezoeleka alikuwa mimi.

Madiwani walikutana Bungoma, nami niliitwa kwa sababu sista alileta wadungaji wazee wawili watoe maoni yao. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo Ndiema hakunifundisha. Kulikuwa na diwani mmoja wa upande wetu ambaye watu walimwita Debe kwa ajili ya sauti yake. Debe alipozungumza Kiingereza, kwa ajili ya kuandikwa, alisema kwamba ana wasiwasi kidogo. Alipogeukia Kiswahili, kwa ajili ya wenzake, wasiwasi ukapanda kuwa pingamizi:

"Waheshimiwa, mimi nauliza tu. Hii selikali inataka kufundisha watu kudungana? Si kesho mwizi wa kuku ataleta panga yake butu, apewe ingine kali? Hiyo ni maendereo gani, bana?"

Wakacheka, wakapiga meza. Sista Chebet akasimama, akasema, "Mheshimiwa, kuku hapa wanachinjwa kila siku. Mimi naomba kisu kioshwe tu."

Na baadaye, nje kwenye ngazi, Debe alikutana na watu wa kwao akawaambia kwa Kibukusu kwamba sista yule amekuja kumaliza watoto wao. Mtu mmoja, siku moja, lugha tatu, na kila alipoteremka lugha alipandisha moto. Sista naye alikuwa na shida yake. Yeye alisema "kubadilisha" kila mara, na wapinzani walisema "kugawa" kila mara. Asubuhi ile hakuna aliyezungumzia sindano zenyewe. Walipigania lile neno moja, na nilipokuwa narudi nyumbani niliona kwamba atakayelishinda ndiye atakayeamua mama mkwe wangu alale wapi. Madiwani hawakukata shauri. Wakasema wananchi waulizwe, baraza lifanyike Ndalu.

Nafula alikwenda kwa mama yake kumsihi apeleke sindano zahanati kabla ya baraza. Alirudi na uso wa mvua.

"Amesema mimi ni mtoto. Amesema huo ni mtego. Ukipeleka sindano umejitaja mwenyewe."

"Na umemwambia kwamba mimi pia naomba?"

"Nimemwambia. Amesema, 'Huyo hasemi lake. Huyo anasema la kila mtu.'"

Nilicheka, lakini iliniuma.

Baraza lilikuwa kwenye uwanja wa soko, kando ya kinu cha posho, na mwenye kinu aliombwa azime mashine ili tusikilizane. DO aliketi, sista aliketi, Debe hakuketi. Watu walijaa. Mama mkwe wangu alikuwa katikati ya wanawake, amejifunika leso kichwani, amegeuza mgongo upande niliosimama, kama desturi ilivyotaka. Wadungaji wengine nao walikuwepo, wametawanyika, na niliona jinsi walivyokuwa wakimtazama yeye. Atakalofanya yeye, nao wangelifuata.

Debe alianza kwa Kiswahili, kwa sababu alitaka DO amsikie, na mimi nikawa nageuza. Mwanzo ulikuwa wa salamu na mahindi. Kisha akapandisha:

"Hawa watu wa kudunga, mimi siogopi kusema, ni wauaji! Na wako hapa, wamekaa katikati yenu. Huyu sista anataka kugawa sindano kwa wauaji."

Akanyamaza, akaningoja.

Vijana, mtasema ningelainisha. Ningeweza kusema "watu wasio waangalifu," na DO asingejua. Lakini mkalimani akianza kulainisha, siku ile watu watakapohitaji kujua wanatukanwa hawatajua. Niliyaweka macho yangu kwenye bati la kinu, nikasema kwa Kibukusu, kwa sauti ileile ya Debe: "Mimi siogopi kusema, ni wauaji. Wamekaa katikati yenu."

Kila mtu pale alijua mimi ni mkwe wa nani.

Mama wa kibanda cha chai ndiye aliyeanza. "Wanjala! Umemwita mama mkwe muuaji mbele ya watu?"

"Si yeye," akasema mzee mmoja wa ukoo wa mke wangu. "Mdomo ni wake, maneno ni ya Debe."

"Basi mbuzi atoke kwa nani?"

Maana kwetu ukimtusi mkwe unatoa mnyama, ndipo muweze kutazamana tena hata kwa mbali. Wakaanza kubishana uwanja mzima, nusu wanasema mbuzi ni wangu, nusu wanasema ni wa Debe. DO akaniinamia.

"Wanasema nini?"

Kazi ni kazi. Nikamwambia, "Wanauliza mbuzi atatoka kwa nani."

"Mbuzi gani?"

Ikabidi nimweleze DO, kijana wa Pwani asiyejua kwetu, kwamba kuna tusi, na kuna mama mkwe, na kuna mimi. Alisikiliza, akajifuta jasho, akasimama kama hakimu. Akasema, "Maneno ni ya aliyeyasema kwanza." Nilipotafsiri hilo, watu walipiga makofi mpaka kuku wa sokoni wakatimka.

"Mimi?" akapiga kelele Debe. "Mimi nitoe mbuzi? Mimi si mkwe ya mtu hapa!"

Katikati ya kicheko, mama mkwe wangu akasimama. Hakunigeukia. Aliuelekea ukuta wa kinu, akaanza kusema Kibukusu, sentensi moja, akanyamaza. Alijua kazi yangu. Alinikatia maneno vizuri kuliko ofisa yeyote niliyewahi kumtumikia.

Nikasema kwa Kiswahili, "Mimi ni mjane wa dresa." Mwanamume mwenye ndevu, nimesimama mbele ya serikali, nasema mimi ni mjane. Hakuna aliyecheka.

"Mimi nimedunga watoto wa hapa kwa sababu hospitali haikuwa hapa. Huyu diwani mwenyewe nilimdunga akiwa mdogo. Alilia sana."

Hapo walicheka.

"Sikatai kwamba dunia imebadilika. Nimewazika vijana kama nyinyi mlivyowazika. Lakini bomba hili alinipa mume wangu mkononi. Ndicho kitu cha mwisho alichokishika kilichobaki nyumbani mwangu. Nikilileta kwenu mtalivunja, halafu mtaniita jina alilosema yule."

Nilikuwa nasema "mume wangu" na "nyumbani mwangu," mimi mkwe wake. Miaka yote nilikuwa sijawahi kujua kwamba ni bomba hilo lililomzuia. Nafula pia hakujua. Kumbe hakuwa anaogopa askari peke yao.

Sista Chebet akasimama. Aliongea polepole, haraka yake yote imekwisha. "Mama, sindano tutazitupa motoni. Bomba la kioo nitalichemsha mbele yako, nitakurudishia, uliweke kabatini. Sigawi kitu, wala sikunyang'anyi. Unanipa, nakupa."

Ndipo nilipolitafuta neno. Si "kugawa" wala lile "kubadilisha" la ofisini. Nililichukua lile ambalo watu wa Ndalu hutumia majirani wanapopeana mbegu, mwenye mahindi yaliyochoka anakwenda kwa jirani mwenye mazuri, kila mmoja na kikapu chake, na hakuna anayerudi nyumbani ameaibika. Nikalisema. Nikaona vichwa vya wanawake vikiinuka.

Mama mkwe akasema, bado akitazama ukuta, nami nikageuza kama kawaida: "Nimesikia ya sista. Nataka kujua huyu anayesema, yeye mwenyewe anasemaje?"

Nilipomaliza kutafsiri ndipo nikaelewa kwamba ni mimi ninayeulizwa.

Sista alinitazama. "Haya, Mzee. Jibu."

Nilisimama pale kama yule ofisa wa mifugo. Kumjibu moja kwa moja singeweza, desturi ilikuwa imeniziba mdomo, na kunyamaza pia singeweza. Nikatafuta kwenye umati mpaka nikamwona Nafula kando ya mizani ya mahindi. Nikapaza sauti, kwa Kibukusu, watu wote wakisikia:

"Nafula, mwambie mama hivi. Mwambie watoto wetu wote aliwadunga yeye, na mimi nilikuwa nyuma ya ghala nikimsikia. Mwambie nataka awadunge na wajukuu watakaokuja, kwa sindano ambayo haijamgusa mtu. Mwambie wakimpeleka kortini nikaambiwa nimtafsirie, sauti haitatoka. Mwambie naogopa."

Nafula aligeuka kwa mama yake aliyekuwa hatua chache tu kutoka kwake, akayasema yote neno kwa neno. Na kwa kuwa alikuwa mke wa mkalimani, alisema "mimi". "Mimi nilikuwa nyuma ya ghala. Mimi naogopa." Kinu kimezimwa, na mke wangu anasema maneno yangu kwa sauti yake.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka kile kicheko chake cha katikati ya maneno, akamjibu binti yake: "Mwambie sauti yake naijua siku nyingi. Maneno yake ndiyo nayasikia leo."

Akafungua fundo la leso, akatoa kifurushi cha kitambaa cheupe. Alikuwa amekuja nacho. Alikaa nacho baraza lote lile, na kama mambo yangekwenda vinginevyo angerudi nacho. Akaenda mwenyewe mpaka mezani akakiweka mbele ya sista. Wale wadungaji wengine wakaanza kusogea mmojammoja, wakijifanya wanakwenda kunywa chai.

Debe alitoa mbuzi, msifikiri alisalimika. Na uchaguzi ulipokaribia nilitafsiri hotuba yake moja ambamo alisema, "Ule mpango wa sindano mimi ndio nilireta." Nikaigeuza vilevile alivyosema. Mfereji hauulizi. Mpango wenyewe uliendelea kwa muda, kisha sista akahamishwa, sanduku la sindano mpya likaanza kuchelewa, ikawa kama mambo mengi ya kwetu yanavyokuwa. Lakini askari hawakuja Ndalu, na mama mkwe alizeeka nyumbani kwake.

Mtafikiri baada ya siku ile tuliongea. Hapana. Tulirudi kwenye heshima yetu. Nikimwona njiani naingia kwenye mahindi. Ila nikiwa humo nilisikia anapunguza mwendo kidogo, na mimi nasimama tuli, mpaka apite. Hayo ndiyo mazungumzo yetu yaliyobaki, na hakuna mazungumzo ninayoyatamani kama hayo.

Alipofariki tulimzika Ndalu. Mchungaji akasema mkwe naye aseme neno. Nikasimama mbele ya watu, mikono nyuma, upepo nyuma yangu kama nilivyofundishwa, nikangoja. Watu wakangoja. Ikachukua muda kabla sijatambua kwamba nilikuwa namngoja mtu aseme kwanza ili nigeuze. Nafula akaja akasimama karibu nami, pale ukingoni mwa kaburi. Akanong'ona, "Sema tu. Mimi nitamfikishia."

Nikasema. Niliyoyasema hayakuwa mengi, na si ya kwenu.

Sasa mabaraza yana vipaza sauti na kila mtu anajua Kiswahili, mkalimani haitwi tena. Ndiema alikwenda zamani. Bomba la kioo liko kabatini mwangu, limefungwa kwenye kile kitambaa cheupe, mkipenda nitawaonyesha. Na Nafula naye, mwajua, amemfuata mama yake. Jioni nikikaa hapa nikautazama mlima, huwa najiuliza jambo moja tu, kama alishamfikishia.